Nani Aliyenigongea Kadi?

Kama hukuwa nami wiki iliyopita, nakupa kwa ufupi, maana sina nguvu za kulia mara mbili.

Jina langu Gaynor Haslam. Nafanya kazi nusu siku katika kiwanda cha pai hapa mjini Nelson, na saa zinazobaki namuuguza baba yangu, Norman, ambaye kiharusi kilimwacha na mkono mmoja na mguu mmoja. Kwa kumuuguza, serikali hunipa posho, paundi themanini na kidogo kwa wiki. Posho hiyo ina sharti: mshahara wako usivuke kikomo. Ukivuka kwa peni moja, hawakati peni moja. Wanachukua posho yote ya wiki ile.

Sharti hilo nalijua kuliko sala zangu. Kima cha chini cha mshahara kilipopandishwa Aprili ya mwaka jana, nikaona saa zangu zilezile zitanirusha juu ya kikomo. Nikamwendea msimamizi wetu wa wakati ule, mzee mmoja mpole, nikamwomba anipunguzie nusu saa kila zamu, bila malipo. Akakubali. Tangu siku hiyo wenzangu wakitoka saa nane, mimi natoka saa saba na nusu.

Sasa ikaja barua ya ofisi ya posho. Eti mwaka mzima nimevuka kikomo kwa peni hamsini na nane kila wiki, na kwa peni hizo nadaiwa posho ya mwaka, zaidi ya paundi elfu nne. Eti nifike Ijumaa kwa mahojiano yatakayorekodiwa. Wakiona nilidanganya, ni mahakamani.

Kulipa deni lile lazima nifanye kazi siku nzima. Nikifanya kazi siku nzima, Baba anakwenda nyumba ya wazee, na nilimwapia kwamba hatakwenda.

Lakini kilichonikosesha raha kuliko deni ni maneno mawili ndani ya barua: "tumepata taarifa". Nikajiuliza, taarifa gani isiyo na mdomo? Nikaamua kuutafuta mdomo huo kabla ya Ijumaa.

Nilianza na ulio karibu.

Jumatatu mtaani kwetu ni siku ya taka, kila mtu yuko nje anakokota pipa lake. Mbele ya nyumba yangu anakaa Bi Pickles, mjane, ambaye pazia lake halijatulia tangu nimjue.

"Umenichongea," nikamwambia, bila salamu.

"Nimekuchongea kwa nani, we Gaynor? Hata chai sijanywa."

"Ofisi ya posho. Wamepata taarifa. Nani mwingine anajua natoka saa ngapi na narudi saa ngapi?"

Akaliacha pipa lake, akashika kiuno.

"Sikiliza, bibie. Ningekuwa wa kuchongea watu, ningeanza na yule wa nyumba ya kona. Mgongo unamuuma mpaka hawezi kazi, lakini juzi kabeba kochi peke yake, tena anapiga mluzi. Wewe nakuona unakuja mbio kila mchana, viatu vimejaa unga. Nikuchongee kosa gani? La kukimbia?"

Nikanywea. Nikashika pipa langu niondoke.

"Ila," akasema.

Ninyi mnamjua jirani anayesema "ila". Nikasimama.

"Kaka yako anatafuta nini hapo kila Jumanne asubuhi, wewe ukiwa kazini?"

"Trevor?"

"Ana ufunguo. Anaingia, anavuta mapazia ya juu, anakaa saa nzima. Halafu anatoka anaangalia huku na huku."

Kaka yangu Trevor anakaa Blackpool. Kwetu huja Krismasi, na maua ya kununua kituo cha petroli, na kabla hajamaliza kikombe cha kwanza huwa ameshauliza nyumba ya Baba siku hizi inaweza kuuzwa bei gani.

Nikasema moyoni, nimeupata mdomo.

Baba alikuwa anatazama mbio za farasi kwenye televisheni. Nikasimama katikati yake na farasi.

"Baba, Trevor anakuja hapa?"

"Trevor yupi?"

"Baba!"

"Anakuja. Sogea."

"Kufanya nini?"

"Kuniona. Mtu haonwi na mwanawe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Amekupa kitu utie sahihi?"

Hapo akanitazama vizuri. Baba maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye mabasi, na alikuwa na jicho la kumfanya hata mwenye tiketi aanze kujipapasa mifukoni.

"Mimi nimekagua watu mpaka nimestaafu," akasema. "Leo wewe unanikagua mimi, katika kiti changu? Sogea, mwanangu. Farasi wangu anapitwa."

Hakusema tena. Mtu asiye na la kuficha hanyamazi vile, nikajiambia. Nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikampigia Trevor.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Mimi nini?"

"Uliyepeleka taarifa. Mimi nifungwe, Baba apelekwe kwa wazee, wewe uuze nyumba. Si ndivyo?"

"Umekunywa, Gaynor?"

"Unakuja kila Jumanne kwa siri, na unavuta mapazia! Unafanya nini na baba yangu?"

Akaongea kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto.

"Namwogesha."

"Nini?"

"Namwogesha. Wewe unamfuta uso, unambadilisha shati. Huko kwingine anaona haya. Wewe ni binti yake. Amekwambia anaoga mwenyewe kwenye kile kiti cha bafuni, na wewe ukakubali. Kwa mkono upi? Alinipigia simu analia, akaniambia nikikwambia tu, hatanisamehe. Nafunga safari kutoka Blackpool kila Jumanne kabla sijaenda kazini. Sasa umejua. Furahi."

Akakata.

Nilikaa jikoni nikiwa na aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu mwenye adabu angempigia tena aombe radhi. Mimi sikupiga. Nakiri mbele yenu kwamba kabla hata aibu haijapoa, kichwa changu kilikuwa kimeshahamia kwa mtu mwingine.

Kama si jirani, na si ndugu, basi ni kazini.

Jumatano nikaingia kwa meneja wetu mpya, kijana anayekula saladi katikati ya kiwanda cha pai. Nikamwomba aniangalizie saa zangu kwenye kompyuta.

"Ziko sawa," akasema. "Unagonga kadi ya kutoka saa nane kila siku."

"Saa saba na nusu."

"Saa nane, Gaynor. Kila siku. Mashine haikosei."

Nikataka kubisha, kisha nikauona uso wake. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Kwani kadi yako anaigonga nani?" akauliza.

"Labda nachanganya," nikasema. "Siku hizi sina usingizi." Nikatoka.

Hapa inabidi niwaeleze jambo moja la kiwandani kwetu. Kadi zetu hukaa zote ubaoni, kando ya mashine ya saa. Unagonga ukiingia, unagonga ukitoka. Kadi ikibaki haijagongwa ya kutoka, siku yote haihesabiwi mpaka uende ofisini ukajieleze kama mtoto wa shule. Kwa hiyo tuna desturi, na iko tangu enzi za mama zetu: aliyesahau, mwenzake humgongea. Wakubwa wanaijua na wanaichukia. Ukikamatwa umegonga kadi ya mwenzako, umemwaga unga, unafukuzwa siku hiyohiyo.

Mimi nilipopunguza ile nusu saa, msimamizi wa zamani aliniambia niiache kadi ubaoni bila kuigonga, saa zangu atazirekebisha mwenyewe. Haukupita muda akastaafu, akahamia Hispania, na mapatano yetu akaenda nayo. Mimi nikaendelea kuondoka na kuiacha kadi pale, nikiamini huyu wa saladi alipewa maelezo.

Kumbe hakupewa. Na kadi haina miguu.

Nilimkuta Rukhsana nyuma, anaosha trei kwa mpira wa maji. Rukhsana ndiye mwenzangu wa meza moja, yeye anajaza nyama na mimi nafunika na kubana ukingo. Tumecheka pamoja na kuzikiana wazazi, maana mama yangu alipofariki ni yeye aliyelisha nyumba yetu wiki nzima.

"Nani anagonga kadi yangu saa nane?" nikamuuliza.

"Mimi."

Alijibu kama mtu aliyeulizwa nani kapika chai.

"Wewe?"

"Tangu yule mzee aondoke. Naona kadi yako imebaki, naigonga pamoja na yangu. Kwani vipi?"

"Rukhsana, ile nusu saa mimi niliitupa makusudi!"

Akafunga maji.

"Nani anatupa mshahara makusudi?"

"Mtu mwenye posho!"

Nikamweleza, kikomo, peni hamsini na nane, elfu nne. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kupoteza rangi, mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Ya Allah. Dada, mimi nilidhani unatoroka kwenda kumlisha mzee. Nikasema, huyu mwenzangu ana mzigo, ngoja nimsitiri asikatwe. Hata kukwambia niliona haya, usije ukajiona unadaiwa fadhila." Akainua uso. "Lakini mshahara hukuuona? Haukuzidi?"

Swali hilo lilinipata penyewe. Ni kweli niliuona umenenepa. Nilijiambia ni nyongeza ya Aprili, bei ya gesi ikaula, na mimi nikashukuru nikanyamaza. Anayeshukuru haulizi maswali. Hilo ni langu, simtupii mtu.

Lakini siku ile badala ya kulikubali, niliudhika. Na nikiudhika, ile tabia yangu ya kunusa inaamka.

"Na ofisi imejuaje?" nikasema. "Aliyejua kwamba sipo na kadi inagongwa ni wewe peke yako."

"Unasemaje?"

"Nasema taarifa imetoka kwa mtu anayejua."

Rukhsana alisimama polepole. Ana watoto watatu na mume ambaye kazi imemkimbia, na mshahara wa kiwanda ndio unaowasha taa nyumbani kwake.

"Mimi nikuchongee wewe," akasema, "kwa kosa ambalo likijulikana nafukuzwa mimi? Hebu jisikie unavyoongea, Gaynor."

Hakuniita dada. Akafungua maji, akaendelea na trei zake, na mimi nikarudi mezani nikabana pai vibaya mpaka mwisho wa zamu yangu, na kadi siku hiyo niliigonga mwenyewe.

Alhamisi sikwenda kazini. Simu yangu ililia asubuhi, ni yeye. Nikaiacha ilie. Ikalia tena mchana. Akatuma ujumbe, nikaufuta bila kuusoma. Nilijua, au nilidhani najua: anataka kunibembeleza nisimtaje Ijumaa. Na kama anaogopa hivi, nikawaza, basi lipo analoficha.

Saa kumi mlango ukagongwa. Nikachungulia pembeni mwa pazia, mimi niliyekuwa nikimcheka Bi Pickles. Rukhsana alisimama kizingitini na sufuria, kaifunga kwa taulo.

"Mlango," Baba akasema.

"Waache."

"Ni Rukhsana. Namjua kwa anavyogonga. Na nasikia harufu ya kuku."

"Baba, tazama farasi wako."

"Leo hakuna farasi. Mfungulie mtu, mwanangu. Umewaka tangu Jumatatu, unamtazama kila mtu kama kapanda basi bila nauli."

Sikumfungulia. Akasubiri, akaita jina langu mara moja kupitia tundu la barua, "Gaynor, kuna jambo lazima nikwambie kabla ya kesho." Kisha akaiweka sufuria chini akaondoka. Baba alikula kuku. Mimi sikugusa.

Ijumaa ikafika.

Chumba kilikuwa kidogo, meza, viti, bilauri za maji, na mashine ya kurekodi yenye taa nyekundu. Afisa aliitwa Bwana Fairclough, mtu mwembamba mwenye sauti ya daktari wa meno. Akanisomea haki zangu. Akasema chochote nitakachosema kinaweza kutumika mahakamani.

"Kabla hujaniuliza," nikasema, "naomba niulize mimi. Nani aliyewapa taarifa?"

Akashangaa. "Taarifa?"

"Imeandikwa kwenye barua. Mmepata taarifa."

"Hakuna mtu, Bi Haslam. Kompyuta ya ofisi ya kodi ndiyo inayotuletea hesabu za mishahara. Barua zetu zote huandikwa hivyo."

Nilimsikia vizuri, lakini nikamwomba arudie. Akarudia. Hakuna mtu. Wiki nzima nilikuwa nikinusa watu, na hakukuwa na mtu. Bi Pickles, Trevor, Rukhsana, wote nilikuwa nimewatukana bure.

"Sasa niulize mimi," akasema. "Hapo mwanzo ulituandikia kwamba umepunguza saa zako, unatoka saa saba na nusu. Kiwanda kinasema unatoka saa nane. Ukitoka saa saba na nusu, mshahara wa ile nusu saa haukuwa wako, unarudi kiwandani, na kwetu unakuwa chini ya kikomo. Deni linafutika, lote. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Ila lazima nijue kadi iligongwaje saa nane kama hukuwepo. Nani aliigonga?"

Jina moja tu, na deni lingekwisha. Baba angebaki kwenye kiti chake na ningelala usingizi. Jina hilohilo, na nyumbani kwa Rukhsana taa zingezimwa. Kazi yake ingekwisha siku hiyohiyo, na nani angemwajiri mtu aliyefukuzwa kwa wizi wa saa?

Nilimwona alivyokaa juu ya ndoo. Nikakumbuka maneno niliyomwambia. Nikajiambia, Gaynor, wiki nzima umemdhania kila mtu mabaya, leo mfanyie mtu mmoja mema. Deni nitalilipa. Nitaomba zamu za asubuhi na za jioni, na Trevor atanisaidia nikimpigia magoti.

"Niliigonga mwenyewe," nikasema.

"Wewe mwenyewe."

"Ndiyo. Nilikuwa nafanya kazi mpaka saa nane."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Bi Haslam, una hakika? Tunarekodi."

"Nina hakika."

Nawaambia kweli, kwa mara ya kwanza wiki ile nilijisikia safi. Nilikaa wima kwenye kile kiti cha plastiki.

Bwana Fairclough hakuandika kitu. Aliweka kalamu yake mezani, akanitazama, na ule upole wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Leo asubuhi tulipofungua ofisi," akasema, "kulikuwa na mama amesimama mlangoni. Bi Rukhsana Mahmood. Unamfahamu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ametoa maelezo na kutia sahihi. Kwamba yeye ndiye aliyegonga kadi yako mwaka mzima, na wewe hukujua. Jana alikwenda mwenyewe kwa meneja wenu akasema hivyohivyo, na meneja amemfukuza kazi. Anasema alijaribu kukwambia, kwa simu na kwa miguu, ukakataa kumfungulia."

Taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka.

"Nilimwamini," akaendelea. "Nilikuuliza kwa sababu sheria inanitaka nikuulize. Kama ungesema sijui, ningefunga faili hili leo na usingedaiwa kitu. Sasa nina watu wawili waliokaa kwenye kiti hicho hicho siku moja, na mmoja wao amenidanganya kuhusu fedha ya serikali. Anayedanganya hapa anashitakiwa."

Akasogeza mashine karibu na mdomo wangu.

"Yeye bado yuko nje, amekataa kuondoka mpaka akuone. Nikamwite nimwambie anashitakiwa kwa kusema uongo? Au mwongo ni wewe?"